Kuunganisha Premiere na After Effects: Unalipia Nini Hasa?

Video ya harusi inaweza kwenda saa mbili, lakini maandishi yenye majina ya maharusi hayazidi sekunde nane. Sekunde hizo nane ndizo zinazorudi mezani kwa mhariri kuliko kitu kingine chochote. Mteja anaangalia rasimu, kisha anapiga simu: "Kaka, mjomba ameandikwa Hamisi, yeye ni Khamis." Kesho yake dada wa bibi harusi hataki tena rangi ya dhahabu, anataka waridi. Kesho kutwa kamati inakumbuka kwamba tarehe ya sendofu haijawekwa.

Kama majina hayo yametengenezwa ndani ya programu ileile unayokatia video, hayo ni mambo ya dakika moja. Kama yametengenezwa katika programu nyingine, tuseme After Effects, na wewe unakatia Premiere, kila simu ya mteja inaanzisha safari nzima. Unafungua After Effects, unarekebisha, unarenda, yaani unaisubiri kompyuta ichore fremu moja moja na kuziandika kwenye diski. Kisha unarudi Premiere, unaliondoa faili la zamani, unaweka jipya, na unaomba Mungu usije ukachanganya matoleo. Folda inajaa mafaili yanayoitwa "mwisho", "mwisho2" na "mwisho kabisa".

Na mafaili hayo si madogo. Ili maandishi yakae juu ya picha bila mandharinyuma meusi, lazima yahifadhiwe kwa kodeki inayobeba uwazi, na inayotumika sana ni ProRes 4444. Kwa picha ya HD yenye fremu 25 kwa sekunde, kodeki hiyo hula takribani megabiti 275 kila sekunde, sawa na gigabaiti 2 kwa dakika. Sekunde nane za harusi hazitakuumiza. Lakini mtu anayetengeneza video ya muziki yenye mashairi yanayotembea kwa dakika nne anaandika gigabaiti 8 kwa kila toleo, na msanii asiyeomba marekebisho matatu bado hajazaliwa.

Huo ndio ugonjwa. Dawa zipo kadhaa, bei zake zinapishana sana, na nimeona studio nyingi ndogo zikinunua dawa ya ugonjwa ambao hazina. Katika hesabu zote humu nimetumia bei za Marekani za mwaka 2025, na dola nimeichukulia kuwa shilingi 2,500 za Tanzania au 130 za Kenya, ili kila mtu aweze kurekebisha kwa kiwango cha siku yake. Kodi ya ongezeko la thamani, ambayo ni asilimia 18 Tanzania na 16 Kenya, sijaijumlisha.

Adobe walianza kuuza tiba yao mwaka 2006, wakaiita Dynamic Link. Ndani ya Premiere unaichagua klipu kwenye taimulaini, unabofya kwa kitufe cha kulia cha mausi, na unaamuru igeuzwe kuwa kompozisheni ya After Effects. After Effects inafunguka ikiwa na klipu hiyohiyo. Unaandika jina, unalichezesha, unahifadhi. Ukirudi Premiere, mabadiliko yamekwishafika bila kurenda na bila faili la katikati. Mjomba akiwa Khamis kule, anakuwa Khamis na huku. Picha za Photoshop nazo zina utaratibu unaofanana na huo: ukihifadhi faili la PSD lililomo ndani ya Premiere, picha kwenye taimulaini inabadilika yenyewe.

Kwa kazi inayofaa, ni starehe kubwa. Sasa tuitazame bei.

Premiere peke yake ni dola 22.99 kwa mwezi ukijifunga kwa mwaka mzima. After Effects ni 22.99 nyingine. Muungano hauna maana bila zote mbili, kwa hiyo bei ya chini ya kuunganisha ni dola 45.98 kwa mwezi, ambazo ni karibu shilingi 115,000 za Tanzania au 6,000 za Kenya. Kwa mwaka inafika dola 551.76, takribani shilingi milioni 1.38 za Tanzania. Ukitaka na Audition kwa ajili ya sauti, jumla inakuwa dola 68.97 kwa mwezi, wakati furushi lenye programu zote za Adobe, Photoshop na Illustrator zikiwamo, linauzwa 69.99. Anayehitaji programu tatu asinunue moja moja hata siku moja. Anayehitaji mbili asikubali kusukumwa kwenye furushi kwa sababu tu tangazo lake ndilo kubwa kwenye ukurasa.

Sehemu inayoumiza watu zaidi iko katika yale maneno "ukijifunga kwa mwaka". Unalipa kila mwezi, ndiyo, lakini mkataba ni wa miezi 12. Siku 14 za mwanzo zikishapita, anayejitoa hudaiwa nusu ya malipo ya miezi iliyobaki. Chukua mhariri aliyelipia programu moja kwa miezi minne, msimu wa harusi ukaisha, akaamua kusitisha: imebaki miezi minane, sawa na dola 183.92, na faini yake ni kama dola 92. Mwezi Juni 2024 serikali ya Marekani iliishtaki Adobe mahakamani ikidai kwamba sharti hilo lilifichwa machoni pa wateja. Kesi au bila kesi, lisome kabla ya kuingiza namba za kadi. Upo pia mpango wa mwezi kwa mwezi usio na kifungo, ambao ni ghali zaidi. Kwa mtu ambaye kazi zake huja kwa msimu, huo wa ghali unaweza kuwa ndio nafuu.

Kulipa kwenyewe kumerahisika. Nchini Kenya, tangu mwaka 2022 Safaricom wana kadi ya Visa ya M-Pesa isiyo ya plastiki inayotumika mtandaoni, na Tanzania benki na kampuni za simu zina za kwao. Hakikisha tu salio lipo siku ya makato, kwa sababu malipo yakikwama programu zinafungwa, na projekti zako zote zinabaki kuwa mafaili usiyoweza kuyafungua.

Gharama inayofuata haimo kwenye orodha yoyote ya bei. Dynamic Link inafanya kazi kwa kuziweka programu mbili nzito macho kwa wakati mmoja. Premiere inapofika kwenye ile klipu, inaiomba After Effects ichore fremu papo hapo, huku zote mbili zikigombea RAM moja kama wapangaji wawili wanaochangia LUKU. Adobe wenyewe wanataja gigabaiti 16 kuwa kiwango cha chini cha After Effects na wanapendekeza 32. Laptopu nyingi za mtumba zinazouzwa Kariakoo au kwenye maduka ya Luthuli Avenue zinakuja na 8. Kwenye mashine ya namna hiyo muungano utafunguka, utaonekana unafanya kazi, kisha taimulaini itaanza kukwamakwama kila inapofikia jina la mtu. Ndipo mhariri anapoilaumu Premiere, anaifuta, anaiweka upya, na hakuna kinachobadilika.

Kwa hiyo kabla ya kulipia mwezi wa kwanza, angalia kama laptopu yako inakubali kuongezewa RAM. Nyingine zimeunganishwa kwa risasi kwenye ubao wake na haziongezeki kabisa. Ndani ya After Effects, kwenye mipangilio ya kumbukumbu, kuna sehemu ya kuamua ni gigabaiti ngapi ziachiwe programu nyingine. Wengi hawaigusi, na kuigusa ni bure. Halafu kuna amri ya Premiere ambayo kila anayeunganisha anapaswa kuijua, nayo ni Render and Replace. Inaigeuza kompozisheni iliyounganishwa kuwa video ya kawaida ili taimulaini ikimbie vizuri, lakini inakumbuka ilikotoka, na ukihitaji kurekebisha unairudisha ilivyokuwa. Kwa maoni yangu mpangilio bora kwa mashine ya kawaida ni huo: acha kiungo hai wakati jina bado linabishaniwa, ligeuze kuwa video mara tu mteja anapokubali, kisha endelea na rangi na sauti.

Na jambo la folda. Kiungo kinashika njia ya faili lilipo. Ukilihamisha faili la After Effects kutoka mezani hadi kwenye diski ya nje, au ukalibadilisha jina, Premiere inakuonyesha kwamba klipu haipatikani mpaka uilekeze upya. Ukimpa mwenzako projekti ya Premiere bila ile ya After Effects, umempa nusu ya kazi. Naye akiwa na toleo la mwaka jana wakati wewe una la mwaka huu, haitafunguka, kwa sababu programu hizi husoma mafaili ya zamani lakini za zamani hazisomi mapya. Studio yenye wahariri wawili inapaswa kukubaliana siku ya kuboresha matoleo. Haya mambo ya mtu kujiboreshea peke yake usiku yamevuruga kazi nyingi.

Sasa tuje kwa mshindani ambaye njia yake ni kinyume kabisa. Badala ya kuunganisha programu mbili, DaVinci Resolve imeziweka zote ndani ya moja. Ina kurasa chini ya skrini: moja ya kukata, moja ya maandishi na vionjo inayoitwa Fusion, moja ya rangi, moja ya sauti inayoitwa Fairlight, na moja ya kutoa kazi. Unaandika jina kwenye Fusion, unabonyeza ukurasa wa kukatia, limeshafika. Hakuna kiungo cha kukatika kwa sababu hakuna mahali palipounganishwa.

Programu hii ina historia ambayo mnunuzi anafaa kuijua, kwa kuwa ndiyo inayoeleza bei yake. Ilianzia kwa da Vinci Systems ya Florida, waliouza mitambo ya kurekebisha rangi za filamu kwa mamia ya maelfu ya dola. Mwaka 2009 ilinunuliwa na Blackmagic Design ya Australia, kampuni inayopata fedha zake kwa kuuza kamera na vifaa. Mwaka 2011 wakatoa toleo la bure. Wakaendelea kununua: Fairlight iliingia ndani mwaka 2017, Fusion mwaka 2018. Kampuni inayouza kamera inaweza kumudu kukupa programu bila malipo, na kwa miaka yote hii imefanya hivyo.

Toleo la bure si la majaribio. Halina kikomo cha siku, linatoa video hadi ukubwa wa 3840 kwa 2160 kwa fremu 60, na haliweki chapa juu ya kazi yako, isipokuwa ukitumia kionjo cha toleo la kulipia. Hapo ndipo mtu asiyejua anashtukia maandishi yamejaa juu ya video usiku wa kukabidhi. Toleo la kulipia, Studio, ni dola 295 mara moja tu, takribani shilingi 737,500 za Tanzania au 38,350 za Kenya, na ufunguo wake unatumika kwenye kompyuta mbili. Weka namba hiyo kando ya Adobe: kwa fedha unazotoa kulipia Premiere na After Effects, mwezi wa saba hauishi kabla hujapita bei ya Resolve Studio. Kwa miaka mitatu Adobe hizo mbili zinakugharimu dola 1,655. Resolve Studio inabaki 295, na hadi sasa matoleo mapya wamekuwa wakiyatoa bila kudai nyongeza.

Mpiga video wa harusi atahitaji Studio kwa sababu moja kubwa, nayo ni kupunguza chembechembe za giza. Ukumbi wa usiku wenye taa za zambarau hutoa picha chafu, na kifaa cha kuisafisha hakimo kwenye toleo la bure. Sababu ya pili ni kamera: toleo la bure halisomi kila aina ya H.265, hasa kwenye Windows na Linux. Pakua bure kwanza, ingiza mafaili ya kamera yako halisi, uone. Na kama unafikiria kununua kamera ya Blackmagic, nyingi huja na ufunguo wa Studio ndani ya boksi. Ukiinunua mkononi mwa mtu, muulize kama ufunguo umeshatumika, na bei muipatane kwa jibu hilo.

Lakini Resolve nayo ina gharama yake, na hulipwa kwa muda. After Effects inafanya kazi kwa tabaka, moja juu ya jingine, na mtu aliyewahi kutumia Photoshop anaielewa siku hiyohiyo. Fusion inafanya kazi kwa vijisanduku vinavyounganishwa kwa mistari: sanduku la maandishi linaingia kwenye sanduku la kuchanganya, linaingia kwenye jingine. Ni njia yenye nguvu, na wanaotengeneza vionjo vya filamu kubwa wanaipenda, ila mwezi wa kwanza utakuchosha. Isitoshe, hazina ya violezo vilivyotengenezwa tayari kwa After Effects ni kubwa mno, na mafunzo yake yamejaa kila kona. Kijana anayeishi kwa kutengeneza nembo zinazozunguka na mashairi yanayocheza atapoteza wateja akihamia Fusion kwa pupa. Fusion pia inakula RAM na kadi ya grafiki, kwa hiyo usidhani laptopu ya gigabaiti 8 itapona kwa kubadilisha programu.

Wenye Mac wana njia ya tatu. Final Cut Pro ni dola 299.99 na Motion ni 49.99, malipo ya mara moja. Hapa muungano umejengwa kwa violezo: unatengeneza maandishi ndani ya Motion, unaamua mhariri aruhusiwe kubadilisha nini, mathalani jina na rangi tu, kisha unayachapisha na yanaonekana ndani ya Final Cut kama maandishi ya kawaida. Kwa studio ya harusi huu ni mpango mzuri sana, kwa sababu mtaalamu mmoja anatengeneza kiolezo mara moja na vijana watatu wanakitumia mwaka mzima bila kufungua Motion. Adobe wana kitu kama hicho, violezo vya mogrt, ambavyo vinatengenezwa After Effects na kutumika Premiere hata kwenye kompyuta isiyo na After Effects. Hapo pana akiba ya wazi: studio ya watu wanne inaweza kulipia Premiere nne na After Effects moja. Dola 69 kwa mwezi zinabaki mfukoni.

Kuna pia wanaotaka kukatia programu moja na kumalizia nyingine. Premiere inaweza kutoa taimulaini kama faili la XML na Resolve ikalisoma, na sauti inasafiri kwa AAF kwenda Pro Tools. Njia hizi hazina bei, lakini zinavujisha mizigo. Mikato inafika, klipu zinakaa mahali pake, mififisho ya kawaida inafika. Maandishi, vionjo vya kununua, marekebisho ya rangi na kasi inayobadilikabadilika vinaachwa njiani au vinafika vimeharibika. Hivyo, XML ni kwa safari ya kwenda tu, baada ya mteja kukubali mikato yote. Anayeitegemea kwa kwenda na kurudi kila siku atatumia saa nyingi akitafuta kilichopotea.

Asiye na fedha kabisa ana Kdenlive, ambayo ni ya bure na huria, nayo imeunganishwa na Glaxnimate: mchoro unaotembea unafunguliwa kwa kubofya ndani ya taimulaini na kurudi umerekebishwa. Kwa vipindi vya shule, mahubiri na habari za mtaani inatosha. Na kwa sababu ipo, na Resolve ya bure ipo, sioni tena utetezi wa programu za wizi zinazopakiwa kwa shilingi elfu kumi. Viungo vyake hukatika mara tu sehemu moja ikijaribu kujiboresha, na zinaingia na virusi kwenye kompyuta ileile iliyobeba harusi ya mtu isiyoweza kurudiwa.

Ushauri wangu ni huu. Chukua kazi zako tano za mwisho, uhesabu ni mara ngapi kitu kilitoka programu moja, kikaenda nyingine, kikarudi kwa sababu mteja amebadili mawazo. Kama ni majina na tarehe tu, usilipie muungano wowote. Maandishi ya ndani ya Premiere au Resolve yanatosha, na anayeanza leo namwelekeza Resolve ya bure bila kusita. Kama robo tatu ya kazi yako ni matangazo, nembo na michoro inayotembea, au unapokea projekti za After Effects kutoka kwa mawakala, lipia Adobe, lipia na RAM, na bei hiyo uiingize kwenye ankara za wateja.

Vyovyote utakavyochagua, weka na bei ya kuhifadhi. Watu hurudi baada ya miaka mitatu wakitaka video ya harusi iongezwe picha za mtoto, na projekti ya Adobe inahitaji uwe unalipa siku hiyo. Resolve haiweki projekti kama faili la kawaida bali ndani ya hifadhidata yake, hivyo anayenakili folda za video peke yake hana projekti. Kila kazi ikikabidhiwa, geuza viungo vyote kuwa video, toa nakala moja safi isiyo na maandishi, toa XML, na kwa Resolve toa faili la drp, kisha viweke vyote pamoja kwenye diski mbili zisizokaa nyumba moja.